Uzi: Mheshimiwa "ameachiliwa." Sawa, lakini ameachiliwa vipi?

Mwanasiasa akitoka kortini, wafuasi wanaimba "yuko huru!" Wapinzani nao wanasema korti imenunuliwa. Hakuna aliyeuliza ametokaje.

Akitoka kwa dhamana, kesi bado iko. Dhamana ni haki ya mshukiwa, Katiba kifungu 49, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumnyima. Haisemi kama aliiba au hakuiba.

Sasa hapa ndipo tunachezewa: "kesi imeondolewa." Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma hawezi kuiondoa bila ruhusa ya korti, kifungu 157(8). Ikiondolewa, angalia ni lini. Sheria ya utaratibu wa kesi za jinai, kifungu 87(a), inasema hivi: kama mshtakiwa alikuwa hajaitwa kujitetea, anaachiliwa tu, na anaweza kushtakiwa tena kwa mambo yale yale. Kama alikuwa ameshaitwa kujitetea, lazima aachiliwe huru. Hapo hafunguliwi kesi mpya kwa kosa hilo. (Rufaa ni hadithi nyingine.)

Neno moja tu, "huru", na magazeti mengi hulibandika popote.

Kijana aliyeshikwa kwenye maandamano naye ajue hivyo. Ukitolewa kwa 87(a) kabla ya kujitetea, usitupe karatasi za kesi.

Na msamaha wa rais? Kifungu 133 ni cha waliopatikana na hatia. Kwa hivyo mtu akikwambia mheshimiwa alisamehewa kwa sababu hakufanya kosa, muulize korti ilikuwa imesemaje kwanza.