Gari Lako Linatoa Moshi Wakati Gani?

Mwenye Subaru Forester ya turbo ya mwishoni mwa miaka ya 1990 akifika gereji na kusema gari linatoa moshi, mara nyingi hukumu hutolewa kabla boneti halijafunguliwa: turbo imekufa. Mwenye Prado ya dizeli yenye injini ya 1KZ-TE naye huambiwa hivyohivyo. Turbo inang'olewa, inatafutwa nyingine iliyotumika, inafungwa, na baada ya muda mfupi moshi uleule unarudi. Fedha nyingi imepotea kwa sababu hakuna aliyeuliza moshi huo unatoka wakati gani.

Rangi tunazijua. Wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni mafuta yaliyozidi hewa, mweupe ni maji au, kwa dizeli, mafuta ambayo hayakuungua. Lakini rangi inakueleza kinachoungua tu, haikuelezi kimepita wapi. Oili inaweza kupita kwenye ringi za pistoni, sili za vali, turbo, au mpira wa kupumulia injini, na popote ipitapo moshi wake ni wa bluu.

Tazama sili za vali. Gari la petroli limelala usiku kucha. Asubuhi ukiliwasha linatoa wingu la bluu, kisha linatulia. Au unateremka mlima wa Kitonga umeachia mafuta: injini inavuta kwa nguvu, oili inanyonywa kupitia kwenye vali, na ukifika chini ukakanyaga, wa nyuma yako hawaoni barabara. Ringi zilizochoka hazisubiri mteremko. Moshi unatoka kila unapopanda mlima na mzigo, na oili inashuka kwenye kijiti wiki hadi wiki. Subaru ina jambo lake: pistoni zake zimelala ubavu, kwa hiyo ikiegeshwa penye mwinamo, moshi kidogo wakati wa kuwasha si ugonjwa.

Turbo yenyewe mara nyingi hujitambulisha kwenye foleni. Injini inaunguruma bila kukanyagwa, oili inajikusanya upande wa ekzosi, na ukiondoka linafumuka wingu. Hata hapo, usikimbilie kununua. Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika huku ikielea juu ya oili. Oili hiyo huingia kwa msukumo kupitia bomba jembamba, lakini hurudi sampu kwa uzito wake tu, kupitia bomba nene. Kinachoizuia isivuje si mpira bali ringi ndogo za chuma, ambazo haziwezi kuihimili oili iliyotuama. Bomba la kurudishia likiziba kwa oili iliyoungua, au gesi zikijaa ndani ya injini, oili hukosa pa kwenda na kumwagika kupitia ncha za shafti. Ukifunga turbo mpya hapo, nayo itafanya vivyo hivyo.

Kwa hiyo anza na vya bei nafuu. Injini ikiwa inaunguruma, fungua kifuniko cha kujazia oili. Gesi zikisukuma kwa nguvu, vali ya kupumulia imeziba au ringi zimechoka. Mwambie fundi apime kompresheni. Kisha zima, acha ipoe, toa mpira wa hewa wa turbo na ushike shafti. Kucheza kidogo upande kwa upande ni kawaida. Ikicheza kwenda mbele na nyuma, au mapanga yakigusa nyumba yake, hiyo kweli imekufa.

Moshi mweusi kwenye Subaru mara nyingi ni mpira uliopasuka baada ya turbo. Sensa imeshaipima hewa, kompyuta inamwaga petroli ya kuitosha, kumbe hewa imevuja njiani. Dawa ni mpira na klipu.

Mweupe kwenye 1KZ-TE ndio unaonitia hofu. Silinda hedi yake ya aluminiamu inajulikana kwa kupasuka injini ikichemka. Moshi usipokoma injini ikishapata joto, ukawa na harufu tamu, na mpira wa juu wa rejeta ukawa mgumu hata asubuhi gari likiwa baridi, acha kuliendesha.

Na kama turbo ya dizeli inamwaga oili upande wa hewa, usiseme utaitengeneza mwisho wa mwezi. Injini inaweza kuanza kujiendesha kwa oili yake yenyewe: mizunguko inapanda, unazima ufunguo na haizimiki. Kwenye gari la gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu zote, tia gia ya juu kabisa, achia klachi izimike. La otomatiki halina njia hiyo. Shusha watu upesi na mkae mbali, na mkono wa mtu usiende kuziba mdomo wa hewa.