Mwami: Nasaba ya Neno Fupi

Katika milima ya Luhwindja, iliyo ndani ya teritwari ya Mwenga kusini-magharibi mwa mji wa Bukavu, mtu akimtaja Mwami humkusudia mtawala mmoja, arithiye kiti kwa nasaba na kupewa taadhima na raia wake Washi, wasemao Mashi; lakini msafiri akifika kwa Walega wa Wamuzimu, walio katika teritwari hiyo hiyo, atasikia watu wengi wakiitwa kwa jina lile lile, kwa kuwa mwami kwao ni mwanachama wa Bwami, jumuiya ya hekima na maadili ambayo daraja zake hupandwa kwa mafunzo, kwa mwenendo mwema na kwa mali itolewayo na jamaa, hata aliyejaliwa akafikia daraja ya kindi, iliyo ya juu kabisa. Walega hawakuwa na mfalme mmoja wa kuwatawala wote. Mamlaka yalikaa katika jumuiya hiyo, ambayo serikali ya Kibelgiji iliipiga marufuku mwaka 1948.

Umbo la neno lenyewe ni dhahiri. Shina ni -ami, nalo likitanguliwa na mu- ya ngeli ya watu, ile u hugeuka w mbele ya a, tukapata mwami; na kwa kanuni hiyo hiyo bu- huzaa bwami, yaani cheo chenyewe.

Tukilifuata shina hilo nje ya Kivu, eneo zilimo Mwenga na Bukavu, twalikuta Rwanda na Burundi katika sura ya umwami, mfalme, ambaye enzi yake ilifutwa Rwanda mwaka 1961 na Burundi mwaka 1966. Twalikuta Buha, magharibi mwa Tanzania, ambako mwanamke, Theresa Ntare, alikuwa Mwami wa Heru. Twalikuta kwa Watonga na Waila wa Zambia kwa maana ya chifu. Na kwa Waganda, ambao mfalme wao ni Kabaka, omwami aghalabu ni bwana mheshimiwa au mume wa mtu.

Ajuaye Kiarabu huenda akalinasibisha na amiri, kwa kuwa sauti zakaribiana na maana zakutana. Lakini asili ya amiri ni herufi tatu, alifu, mimu na rei, zilizotupa pia amri, ilhali neno mwami halina r, si Kivu wala Zambia. Kadiri neno lilivyo fupi ndivyo sadfa inavyokuwa nyepesi, na kwa sababu hiyo wanaisimu, tangu Carl Meinhof alipochapisha uchunguzi wake wa sauti za Kibantu mwaka 1899 hata Malcolm Guthrie alipotoa juzuu zake kati ya 1967 na 1971, hawakubali udugu wa lugha kwa kufanana kwa neno moja, bali hutaka sauti ziafikiane kwa kanuni katika maneno mengi.

Basi neno lililo hai kwa wenye wafalme na kwa wasio nao haliwezi kufasiriwa kwa kipimo cha jamii moja. Mwalimu, karani na mfasiri wasiandike "mfalme" kila walionapo mwami, bali kwanza waulize ni mwami wa wapi, na wazee wa Mwenga, Washi kwa Walega, waulizwe wangali hai.