Likizo kwa babu na bibi Kasulu: Furaha ya watoto isigeuke maradhi



Kila shule zinapofungwa mwezi Juni na mwezi Desemba, familia nyingi zenye asili ya Kigoma zinazoishi Dar es Salaam, Tanga, Morogoro na miji mingine huwapeleka watoto kwa babu na bibi. Wako wanaosafiri kwa treni ya reli ya kati hadi Kigoma kisha wakapanda gari kwenda Kasulu, na wako wanaokwenda kwa basi mpaka mlangoni. Uislamu umehimiza sana kuunga udugu, na mtoto anayemjua bibi yake kwa sauti ya simu tu amekosa jambo kubwa.

Kwa mtoto wa mjini, Kasulu ni dunia mpya. Kuna vilima na migomba, mashamba ya maharage, mbuzi wa kuchunga, kijito cha kuogelea na moto wa jioni ambao babu huuzunguka na wajukuu wake akiwasimulia habari za zamani. Baada ya wiki moja mtoto haulizi tena televisheni iko wapi.

Hata hivyo, ni kawaida pia kwa safari hiyo nzuri kuishia hospitalini, na mara nyingi si kwa sababu ya uzembe wa bibi, bali ni kwa sababu wazazi hawakumwandaa mtoto wala hawakujua mwili wake unakwenda kukutana na nini. Katika makala haya tutaangalia mambo hayo moja baada ya jingine.

Kwa nini mgeni augue na mwenyeji abaki mzima?

Wengi hudhani kwamba kwa kuwa Kasulu ni nchi ya vilima na ubaridi, mbu wa malaria hawapo. Hilo si kweli. Kasulu iko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, lakini urefu huo hautoshi kumzuia mbu anayeeneza malaria. Utafiti wa viashiria vya malaria uliofanyika nchini mwaka 2017 ulionyesha kuwa mkoa wa Kigoma ulikuwa na kiwango cha juu kuliko mikoa mingine. Takriban watoto 24 katika kila 100 wenye umri wa chini ya miaka mitano walikutwa na vimelea, wakati wastani wa Tanzania Bara ulikuwa kama watoto 7 katika 100. Dar es Salaam kiwango kilikuwa chini sana.

Sasa tazama. Mtoto aliyekulia Kasulu huumwa na mbu mwenye vimelea mara nyingi tangu uchanga. Akivuka miaka ya mwanzo, ambayo ndiyo ya hatari zaidi kwake, mwili wake unakuwa umejifunza kupambana kiasi fulani. Anaweza kuwa na vimelea na bado akacheza mpira. Mtoto wa Dar es Salaam hana mafunzo hayo. Vimelea vile vile vikiingia kwake huongezeka kwa kasi, na ugonjwa unaweza kuwa mkali katika muda mfupi. Kwa hiyo kauli ya "mbona wenzake wamelala bila chandarua na hawana kitu" isikudanganye.

Jambo hili linamhusu mzazi pia. Kinga ya namna hii hupungua mtu akikaa miaka mingi mbali na malaria. Wewe uliyezaliwa Heru Juu au Makere na kuhamia mjini miaka 15 iliyopita, usijihesabu kuwa mwenyeji mbele ya mbu. Mama mjamzito azingatie zaidi, kwa kuwa malaria humdhuru yeye na mtoto aliye tumboni.

Dawa ya kwanza ya haya yote ni chandarua chenye viuatilifu. Usitegemee kukikuta huko, kwa sababu vyandarua vya nyumba ya bibi vimepangwa kwa idadi ya watu wa nyumba ile. Beba vya kwenu, pamoja na kamba na misumari ya kuvifungia. Jioni watoto wanapokaa motoni wavae suruali na mikono mirefu, maana moshi wa kuni haumfukuzi mbu kama watu wanavyodhani.

Homa inayokuja baada ya kurudi

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mbu anaweza kumuuma mtoto usiku wa mwisho Kasulu, na homa isionekane mpaka ameshaanza shule Dar es Salaam. Kwa kawaida dalili huanza kati ya siku 7 na mwezi mmoja baada ya kuumwa, na wakati mwingine huchelewa zaidi. Mzazi humpeleka mtoto kwenye duka la dawa, anaambiwa ni mafua au uchovu wa safari, anapewa dawa ya kutuliza homa na siku tatu zinapotea. Kwa mtoto asiye na kinga, siku tatu ni nyingi mno.

Ukifika kwa mganga sema mapema, hata kabla hujaulizwa: "Mtoto huyu ametoka Kasulu." Maneno hayo machache yanaweza kuokoa maisha. Mtoto apimwe damu siku hiyo hiyo. Akikutwa na malaria isiyo kali atapewa dawa ya mseto iitwayo ALu, ambayo ilianza kutumika nchini mwishoni mwa mwaka 2006. Dozi ya pili hutolewa saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Apewe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta ili dawa ifanye kazi vizuri, na amalize dozi hata kama homa imeshuka.

Akipata degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila anachopewa, akilegea, akipumua kwa shida, akipauka au mkojo wake ukiwa mweusi, hiyo ni malaria kali. Mkimbize hospitali mara moja, iwe usiku au mchana.

Maji ya chemchemi na udhu wa watoto

Maji ya chemchemi za vilimani hupendeza machoni na ni baridi mdomoni. Lakini uangavu wa maji si usafi wake. Mvua ya Desemba husomba kinyesi cha watu na wanyama kutoka mabondeni na mashambani hadi kwenye vijito. Mkoa wa Kigoma unakumbuka mwezi Mei mwaka 2015, kipindupindu kilipozuka Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, miongoni mwa wakimbizi wa Burundi, na kuua watu kwa muda mfupi.

Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, yapoe katika chombo hicho hicho kikiwa kimefunikwa, na yachotwe kwa kata yenye mpini, si kwa kikombe kinachozamishwa pamoja na vidole. Kufunika vyombo ni adabu tuliyofundishwa zamani, na madaktari wanaisisitiza.

Jambo moja husahauliwa. Watoto wetu hutawadha mara kadhaa kwa siku, na wanaposukutua wengine humeza maji kidogo. Maji yanayofaa kwa twahara si lazima yawe salama kwa kumezwa. Watoto wadogo wawekewe birika la maji yaliyochemshwa kwa ajili ya kusukutua, au wafundishwe kuyatema yote. Sabuni nayo iwepo karibu na choo.

Mtoto akiharisha, anza mara moja kumpa maji ya ORS. Pakiti moja huchanganywa na lita moja ya maji safi, na atumie ndani ya saa 24. Vidonge vya zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14. Aliye mdogo aendelee kunyonya. Ukiona macho yamezama, mkojo umekauka au kuna damu kwenye choo, nenda kituo cha afya.

Funza na miguu mitupu

Kutembea pekupeku ni sehemu ya furaha ya watoto kijijini. Lakini kwenye vumbi la uani na sakafu ya udongo anaishi funza. Mdudu huyu hakuwa wa kwetu. Aliletwa Afrika kwa meli iliyotoka Brazil kufika Angola mwaka 1872, akasambaa bara zima na kufika Afrika Mashariki kabla ya karne ya 19 kwisha. Jike huingia kwenye ngozi ya mguu, hasa kandokando ya kucha, akavimba kwa mayai.

Watoto wavae viatu vilivyofunika vidole, wanawishwe miguu kwa sabuni kila jioni na kukaguliwa kwenye mwanga. Sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa. Funza akionekana atolewe kwa sindano safi na kidonda kisafishwe. Ni hatari sana kutumia pini moja kwa watoto wote, kwa kuwa magonjwa ya damu huhamia kwa njia hiyo. Hakikisha pia chanjo ya pepopunda imekamilika.

Jikoni na porini

Muhogo ni chakula cha heshima Kasulu, lakini si kila muhogo unatafunwa mbichi. Ule mchungu una sumu ya sianidi. Bibi anajua, ndiyo maana huuloweka siku kadhaa na kuuanika kabla ya kusaga unga. Mjukuu hajui. Akiwa shambani na njaa aking'oa na kutafuna, anaweza kutapika, kuishiwa nguvu na hata kufa. Uyoga wa msimu wa mvua nao asiuokote wala kuula bila mtu mzima anayeujua. Pia mwambie asiingize mkono kwenye mashimo au chini ya kuni. Akiumwa na nyoka, usichanje, usinyonye wala usifunge kamba kwa kukaza. Mtulize, mguu usitikisike, mpeleke hospitali.

Baridi na watoto wenye selimundu

Alfajiri za Juni na Julai ni baridi kweli kweli. Mtoto mwenye selimundu anaweza kupata maumivu makali kwa ajili ya baridi, kukosa maji mwilini katika safari ndefu, au malaria. Asisafiri kabla ya kumwona daktari wake, aulizwe kuhusu dawa ya kinga ya malaria, na abebe dawa zake za siku zote, sweta, soksi na maji ya kutosha.

Zungumza na bibi kwa heshima

Katika baadhi ya familia, mtoto akiwa na homa na kuharisha husemwa ana "meno ya plastiki" na hung'olewa, au akikohoa hukatwa kimeo. Meno ya plastiki hayapo. Kinachong'olewa ni jino changa la mtoto, na huku nyuma malaria au nimonia inaendelea. Watoto wamepoteza damu na maisha kwa sababu hiyo.

Lakini usiende kwa bibi na lugha ya kumdharau. Ndiye aliyekulea wewe. Kaa naye chini, mwambie: "Mama, mtoto huyu akipata joto tu, naomba apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, nami nipigiwe simu." Muachie nauli na fedha ya matibabu mkononi. Mara nyingi mzee huchelewesha mtoto kwa kukosa nauli, naye huona haya kuomba.

Kabla ya kuondoka

Hakikisha mmebeba chandarua chenye viuatilifu, kadi ya kliniki na ya bima kama ipo, pakiti za ORS, kipimajoto, dawa za kawaida za mtoto, sabuni, viatu vya kufunika na sweta. Uliza zahanati ya karibu iko wapi na hufunguliwa saa ngapi. Mkisharudi, mtazame mtoto kwa muda wa miezi miwili, na kila homa ipimwe.

Ndugu msomaji, watoto wanaokwenda kwa babu zao hurudi na mengi ambayo hayafundishwi darasani. Tuwape safari hiyo, na tuifunge mizigo yao kwa elimu kabla ya nguo. Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu na awape wazee wetu umri wenye afya. Aamiin.