Saa 72 za uhai: Jinsi vifaranga wa bata wanavyosafiri kwa posta nchini Marekani

IWAPO utaingia katika ofisi ya posta ya mji mdogo wa mashambani nchini Marekani asubuhi na mapema mwezi wa Aprili, usishangae kusikia sauti za vifaranga zikitoka nyuma ya kaunta, katikati ya magunia ya barua na vifurushi.

Kwa mgeni, jambo hilo huonekana kama mzaha. Kwa wenyeji ni ada ya kila mwaka. Vifaranga wa kuku, wa bata na wa bata bukini huagizwa kutoka vituo vya kuangulia mayai, hutiwa katika masanduku yenye matundu na kusafirishwa kwa posta hadi kwa mfugaji aliye mamia ya kilomita kutoka huko.

Desturi hii ina zaidi ya karne moja. Huduma ya kutuma vifurushi kwa posta ilianza nchini humo mwaka wa 1913, na miaka mitano baadaye, mwaka wa 1918, posta ikaanza kupokea vifaranga wa siku moja. Hata kabla ya hapo, mnamo 1892, mfugaji mmoja wa Stockton katika jimbo la New Jersey alikuwa amekwisha kutuma vifaranga kwa garimoshi hadi Chicago.

Swali linalomjia kila mtu ni moja: je, kiumbe mdogo kiasi hicho, aliyetoka kwenye yai jana, anawezaje kukaa siku mbili au tatu bila kula wala kunywa na bado afike akiwa hai?

Jibu limo ndani ya yai lenyewe.

Akiba ya mama

Katika siku za mwisho kabla ya kuanguliwa, kifaranga hukivuta kiini cha yai kilichosalia na kukiingiza tumboni mwake kupitia kitovu. Kiini hicho kina mafuta, protini na maji, pamoja na chembechembe za kinga alizorithi kutoka kwa mama yake. Kifaranga anapopasua ganda na kutoka nje, huwa tayari amebeba riziki yake tumboni.

Maumbile hayakumpa akiba hiyo kwa ajili ya posta. Bata anayeatamia hutaga mayai kwa siku nyingi, nayo hayaanguliwi yote kwa saa moja. Wa kwanza kutoka hulazimika kuwasubiri ndugu zake huku mama akiendelea kuyaatamia mayai yaliyosalia. Bila akiba ya kiini, kitinda mimba angezaliwa huku kifungua mimba akifa njaa.

Binadamu aliitambua fursa hiyo na kuitumia. Hata hivyo, akiba hiyo ina kikomo. Inaweza kumhimili kifaranga kwa muda wa takriban saa 72, yaani siku tatu, na si zaidi. Tena hesabu hiyo ni ya kifaranga aliye katika joto linalofaa. Akipigwa na baridi, huitumia akiba yake upesi ili ajipashe joto. Akizidiwa na joto, hutweta na kupoteza maji, na mara nyingi maji ndiyo humwishia kabla ya chakula.

Kwa sababu hiyo, kanuni za posta ya Marekani zimejengwa juu ya saa hizo. Vifaranga hawapaswi kuwa na umri unaozidi saa 24 wanapokabidhiwa posta, na ni sharti wamfikie mwenyewe kabla ya saa 72 kutimia tangu walipoanguliwa. Tarehe na saa ya kuanguliwa huandikwa juu ya sanduku na mtu wa kituo anayeijua kwa hakika. Sanduku nalo lazima liwe imara na lenye matundu ya kupitisha hewa.

Safari huanza mwezi mmoja kabla

Mtu anayetaka vifaranga wa bata haendi kuwachukua rafuni kama mkate. Yai la bata wa kawaida huchukua siku 28 kuanguliwa, ikilinganishwa na siku 21 za yai la kuku. Lile la bata aina ya Muscovy, ambaye ndiye anayejulikana zaidi katika vijiji vingi vya Kenya, huchukua takriban siku 35.

Hivyo basi, mfugaji huagiza wiki au hata miezi kadhaa mapema, hasa kwa ajili ya majira ya kuchipua ambapo wateja ni wengi. Huchagua aina anayoitaka: Pekin mweupe kwa nyama, au Khaki Campbell na Indian Runner kwa mayai. Huyo Pekin mwenyewe alikuwa mgeni nchini humo. Aliletwa kwa meli kutoka China mwaka wa 1873, na leo ndiye bata anayefugwa zaidi kwa nyama Marekani.

Vituo vingi hupanga mayai yaanguliwe mwanzoni mwa wiki. Vifaranga hupakiwa siku hiyo hiyo ili wafike kabla ya Jumapili, siku ambayo ofisi nyingi za posta hufungwa.

Idadi nayo si jambo la kubahatisha. Mnunuzi anayetaka vifaranga wawili tu aghalabu huambiwa kuna kiwango cha chini cha kuagiza. Wengi hudhani hiyo ni tamaa ya mfanyabiashara, ilhali ndani ya sanduku hamna taa wala moto, na vifaranga hupata joto kwa kubanana. Wakiwa wachache mno watakufa kwa baridi, na wakirundikwa kupita kiasi watakosa hewa na kukanyagana. Ndiyo maana masanduku makubwa hugawanywa kwa vizuizi. Vifaranga wa bata, kwa kuwa wana miili mikubwa kuliko wale wa kuku, huhitaji nafasi zaidi na hutosheka na kundi dogo kidogo.

Baadhi ya vituo hutia ndani ya sanduku vipande vya chakula laini kama jeli chenye maji mengi. Vifaranga hukidonoa na kupata unyevu bila kulowa, kwa sababu kikombe cha maji kingemwagika njiani na kuwalowesha.

Mteja naye huacha nambari yake ya simu. Sanduku likifika, karani wa posta humpigia, mara nyingine kabla jua halijachomoza, naye hutakiwa kwenda mara moja. Wafugaji wenye uzoefu hulifungua sanduku hapo hapo kaunta, mbele ya karani, wakahesabu walio hai na waliokufa. Vituo vingi hutoa dhamana ya vifaranga kufika wakiwa hai, lakini huwa na masharti kuhusu muda wa kuripoti hasara.

Saa zinapopita

Utaratibu huu hutegemea kila mkono ulio njiani kufanya kazi yake kwa wakati. Mkono mmoja ukilegea, hasara huwa kubwa.

Mwezi wa Agosti 2020, wakati huduma za posta nchini humo zilipokuwa zikikumbwa na ucheleweshaji, wafugaji wa jimbo la Maine walipokea masanduku yaliyojaa mizoga. Mbunge wa jimbo hilo, Chellie Pingree, aliwaandikia wakuu wa posta na wa wizara ya kilimo kulalamikia vifo hivyo. Vifaranga wasiopungua 4,800 waliotumwa kwa wafugaji wa Maine walikuwa wamekufa.

Mwaka wa 2025 mambo yalikuwa mabaya zaidi. Takriban vifaranga 12,000 walisahaulika ndani ya lori la posta katika jimbo la Delaware kwa siku tatu, bila chakula wala maji. Maelfu yao walikufa. Walionusurika walipelekwa katika kituo cha kuhifadhi wanyama, ambacho kililazimika kuwatafutia watu wa kuwachukua.

Visa hivyo vimewapa nguvu watetezi wa haki za wanyama wanaosema kuwa kiumbe hai si kifurushi, na kwamba kuwepo kwa akiba tumboni si ruhusa ya kumnyima maji kwa siku tatu. Wafugaji wadogo nao hujibu kuwa bila posta, aina nyingi za bata na kuku zisizofugwa kwa wingi zingetoweka, kwani maduka ya karibu huuza aina chache tu.

Pande zote mbili zina hoja. Lisilopingika ni kwamba kanuni ya saa 72 ni ukomo wa mwisho na haikuwekwa ili watu waifikie. Kifaranga anayefika saa ya 30 na yule anayefika saa ya 70 wote huhesabiwa kuwa wamefika hai, lakini hawana nguvu sawa, na wengi wa kundi la pili huweza kufa katika siku zinazofuata.

Maandalizi nyumbani

Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, walisema wahenga. Kosa ambalo hugharimu wengi ni kuanza kutafuta taa na chombo cha maji baada ya simu ya posta kulia.

Mahali pa kuwalelea panapaswa kuwa tayari siku moja kabla, pakiwa pakavu, pasipo na upepo na penye joto la takriban nyuzi 32 za Selsiasi. Baada ya wiki ya kwanza, joto hupunguzwa polepole, takriban nyuzi tatu kila wiki. Vifaranga wenyewe ndio kipimo bora: wakirundikana chini ya taa wanahisi baridi, wakikimbilia pembeni wakitweta joto limezidi, na wakitawanyika kwa utulivu basi hali ni shwari.

Wanapowasili, kwanza wapewe maji, kisha chakula. Kila kifaranga achovywe mdomo katika maji ya uvuguvugu ili ajue yalipo. Chombo kiwe na kina cha kumwezesha kutumbukiza mdomo na matundu ya pua ili ayasafishe, lakini kisiwe kikubwa kiasi cha yeye kuingia na kuogelea.

Hapa ndipo wengi hupotoka, wakidhani kwamba bata ni ndege wa maji hata akiwa na umri wa siku moja. Kifaranga anayelelewa na mama yake hupata mafuta ya kuzuia maji kutoka kwa manyoya ya mama huyo. Aliyetoka kwenye mashine hana mafuta hayo, na tezi yake mwenyewe bado haijaanza kufanya kazi ipasavyo. Akitiwa katika beseni la maji, manyoya yake mororo hulowa, mwili hupoa, naye hufa.

Kuhusu lishe, chakula cha vifaranga wa kuku kinaweza kutumika, lakini bata huhitaji vitamini ya niasini, yaani B3, kwa kiwango kikubwa kuliko kuku. Akiikosa, miguu yake hupinda na kushindwa kuubeba mwili. Wafugaji wengi huongeza hamira ya kutengenezea pombe katika chakula ili kuziba pengo hilo.

Jambo jingine lisilopaswa kupuuzwa ni usafi. Vifaranga wanaoonekana wazima kabisa huweza kubeba bakteria wa salmonela. Mamlaka ya afya ya Marekani huonya mara kwa mara kuhusu milipuko inayotokana na ndege wanaofugwa nyumbani. Mikono inawiwe kwa sabuni kila baada ya kuwashika, na watoto wakatazwe kuwabusu.

Funzo kwa mfugaji wa hapa

Huenda msomaji akauliza, hayo ya Marekani yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Hapa Kenya, vifaranga wa siku moja husafiri kila wiki katika katoni zenye matundu, wakipakiwa katika mabasi na matatu kutoka miji yenye vituo vya kuangulia hadi mashinani. Tofauti ni kwamba mahali pa karani wa posta pana utingo au karani wa vifurushi, ambaye pengine hajawahi kuambiwa kuwa sanduku lile lina saa zake.

Kiini kilicho tumboni mwa kifaranga wa Marekani ndicho kilicho tumboni mwa kifaranga anayesafiri kwenda Kitale au Voi. Kwa hivyo mfugaji wa hapa anaweza kuuliza maswali yale yale kabla ya kulipa: vifaranga hawa wameanguliwa siku gani na saa ngapi? Basi litaondoka lini, na litafika lini? Katoni itawekwa wapi, juu ya gari kwenye jua au ndani penye hewa? Nani atakuwa stendi kulipokea?

Aidha, anayevutiwa na aina za ng'ambo asijaribu njia za mkato. Kuingiza ndege hai nchini huhitaji kibali cha Idara ya Huduma za Mifugo, na sharti hilo lipo kwa sababu nzuri, kwani homa ya mafua ya ndege huweza kuvuka mipaka pamoja na kifaranga mmoja tu.

Anayeagiza vifaranga hana budi kuandika saa waliyoanguliwa mahali atakapoiona, kisha ahesabu. Akiba aliyoachiwa kifaranga na mama yake humfikisha hadi mlangoni. Kuanzia hapo, uhai wake umo mikononi mwa aliyemwagiza.