Somo la Redio kwa Madarasa ya Watu Wazima: Laptopu Yenye Kasoro ya Kiwandani

Fungueni madaftari, na kila mmoja awe na kalamu. Bwana mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno mawili: WARANTI na KASORO.

Leo tutazungumza habari ya laptopu, yaani ile kompyuta ndogo inayofunguka na kufungika kama kitabu. Huenda wewe huna. Lakini chama chako cha msingi cha kahawa huenda kinayo, na hesabu ya kilo zako imo ndani yake. Ikiharibika, hasara ni yako pia.

Tuseme jambo hili limetokea katika chama kimoja. Msimu wa kahawa umefika na wakulima wanangoja malipo. Karani anaweka laptopu juu ya meza, anaona inayumba. Anaigeuza. Chini imetuna kama andazi, maana betri imevimba. Fundi wa mjini anasema, "Leteni fedha, nitafute betri nyingine." Wajumbe wa kamati wanaanza kuchanga. Je, wafanye hivyo?

Wasubiri kwanza. Waulize: kosa ni la nani?

Fikiri juu ya mashine ya mkono ya kumenyea kahawa. Ukiiangusha ikavunjika jino, kosa ni lako. Lakini kama wewe, na jirani yako, na mtu wa ng'ambo ya mlima, mlinunua mashine za kiwanda kimoja, na zote zimevunjika jino lile lile, hapo hakuna wa kulaumiwa kati yenu. Chuma kilikuwa kibovu tangu kiwandani. Ubovu wa namna hiyo ndio tunaouita kasoro.

Sasa tazama lile neno jingine ubaoni. Waranti ni ahadi ya muda. Mtengenezaji anasema, "Kikiharibika katika mwaka mmoja, nitakitengeneza." Mwaka ukipita, ahadi imekwisha. Watu wengi hudhani kwamba hapo mambo yote yamekwisha. Sivyo. Mtengenezaji akigundua kwamba mashine zake nyingi zina kasoro moja, mara nyingine hutangaza mpango wa pekee wa kuzitengeneza bure, hata zile ambazo waranti yake imekwisha.

Mambo haya yametokea kweli. Mwaka 2006 kampuni ya Dell ilitangaza kuzirudisha betri za laptopu zaidi ya milioni 4. Betri hizo zilitengenezwa na kampuni ya Sony ya Japani. Ndani yake zilibaki chembe ndogo mno za chuma, ambazo macho hayazioni. Chembe zikigusa pasipotakiwa, umeme hupita njia isiyo yake, betri hupata moto, na mara nyingine huwaka. Fikiri kitu hicho kikiwaka usiku katika ofisi iliyojaa magunia.

Mwezi Juni 2019 kampuni ya Apple ilitangaza habari ya laptopu zake za MacBook Pro za inchi 15, zilizouzwa hasa kati ya Septemba 2015 na Februari 2017. Betri zake ziliweza kupata joto kupita kiasi. Huko Marekani peke yake zilikuwa kama 432,000. Wenye nazo waliambiwa waache kuzitumia mara moja, na betri zibadilishwe bure. Kampuni ya HP nayo ilitangaza mambo kama hayo Januari 2018.

Si betri tu. Juni 2018 Apple ilikubali kutengeneza bure vibao vya herufi vya baadhi ya laptopu zake. Ukibonyeza herufi moja, zilitokea mbili; ukibonyeza nyingine, haikutokea kabisa. Karani akiandika "kahawa" anapata "kaahawwa"! Mpango ule ulihesabu miaka minne tangu mashine iliponunuliwa mara ya kwanza dukani. Na waliokwisha kulipa fedha zao kwa matengenezo hayo waliambiwa wawasiliane na kampuni juu ya kurudishiwa. Basi ukimlipa fundi, dai risiti, uiweke.

Je, kama laptopu yako ni ya mtumba? Wengi wetu ndizo tulizo nazo. Usikate tamaa. Katika mipango kama hii kinachotazamwa kwanza si jina la mwenye mali, bali ni namba ya mashine yenyewe. Namba hiyo huitwa namba ya mfululizo, na mafundi huiita siriali namba. Sikilizeni sana hapa. "Siriali" si "siri". Namba ya siri ni ile ya simu yako ya kutumia fedha, na hiyo usimpe mtu yeyote, hata akisema ametoka kampuni ya laptopu.

Siriali namba mara nyingi imeandikwa chini ya mashine, kwa maandishi madogo sana. Ipige picha kwa simu, kisha ikuze picha. Nakili herufi moja moja. Angalia usichanganye sifuri na herufi O, wala moja na herufi I. Ukikosea alama moja, utajibiwa habari za mashine ya mtu mwingine. Kisha mwombe kijana mwenye intaneti afungue ukurasa wa kampuni yenyewe iliyotengeneza laptopu, atafute habari za mipango hiyo, aandike namba hapo. Kazi hiyo haina malipo kwa kampuni. Jibu litakuwa imo au haimo. Kama haimo, basi rudi kwa fundi wako. Hayo ni matengenezo ya kawaida.

Kama imo, usiruhusu mtu aifungue kabla hujapata maelezo ya wakala wa kampuni. Betri ya asili ikiisha kutolewa na kutupwa, wakala anaweza kusema hana cha kubadilisha. Ujue pia kwamba cha bure ni ile kasoro tu. Kioo ulichokipasua wewe unaweza kutakiwa ukilipie kwanza.

Na betri iliyovimba? Zima mashine, chomoa waya wa umeme, iweke mbali na magunia na majani. Usiitoboe, wala usiikandamize irudi ilivyokuwa. Nimepata kuona mtu akiifunga kwa kamba! Usiitie katika posta, wala usipande nayo ndege. Betri mbovu za namna hii zimekatazwa katika ndege. Hesabu za chama zitolewe na fundi anayejua kuushughulikia mtambo huo bila kuiwasha betri, baada ya kumwuliza wakala.

Kama mashine ni mpya na duka halitaki kukusikiliza, iko Tume ya Ushindani, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Kumlinda mnunuzi ni sehemu ya kazi yake.

Kutoka Mbinga mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Nauli ya kwenda na kurudi si mchezo. Kwa hiyo andika kwanza, ndipo usafiri. Nakilini barua hii, mjaze mahali palipo wazi:

"Kwa Wakala. Chama chetu kina laptopu aina ya ........ Siriali namba yake ni ........ Betri imevimba, nasi tumeacha kuitumia tangu tarehe ........ Tumeona kwamba namba yake imo katika mpango wa kubadilishiwa bure. Tafadhali tujulishe kwa maandishi kama mtaipokea, iletwe kwa njia gani iliyo salama, na kama kuna malipo yoyote. Sisi tuko Mbinga, mkoani Ruvuma, na tunaomba jibu kabla ya kusafiri. Ni mimi, karani wa chama."

Bwana mwalimu atasahihisha barua zenu kesho. Wiki ijayo tutasoma risiti ya mizani ya kahawa. Kwaherini.