Mafuta Yanayowalea Askari wa Mwili

Ukitoka Misa ya asubuhi katika kanisa la Mtakatifu Yosefu, Unguja, lile ambalo watu wa Mji Mkongwe huliita Minara Miwili, ukashika njia ya soko la Darajani, utawakuta akina mama wakinunua mafungu ya mchicha na nazi. Waulize nazi ya nini, watakujibu kwamba ni ya ladha. Wamesema kweli, lakini iko sababu nyingine.

Katika mchicha, maembe na mapapai mabivu mna kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Katika maini, kiini cha yai na maziwa, vitamini yenyewe imo tayari. Hii ni ya jamii ya mafuta: haiyeyuki katika maji. Kwa hiyo mchicha uliochemshwa kwa maji matupu hauupi mwili faida yake yote; ukitiwa tui, faida huongezeka.

Wengi wajua kwamba vitamini A huyalinda macho. Lakini pia huwalea askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu. Askari hawa huzaliwa wachanga, hawajui kazi. Mwili huigeuza vitamini hiyo kuwa asidi ya retinoiki, nayo huwaelekeza: wengine waende kuulinda utumbo, wengine wawatulize wenzao wasiushambulie mwili wenyewe. Wataalamu waliyaona hayo kwa panya. Tena mwaka 2014 walitangaza kwamba panya walioikosa vitamini A tumboni mwa mama zao walikuwa na tezi ndogo za kinga, na walipokua hawakuweza kupigana vema na maradhi.

Na kwa binadamu? Mwaka 1987 ilitangazwa habari ya watoto 180 waliolazwa kwa surua katika hospitali ya Mvumi, Dodoma. Kati ya 92 waliopata matibabu ya kawaida walikufa 12. Kati ya 88 walioongezewa vitamini A walikufa 6.

Basi, wazazi wapenzi, maziwa ya kwanza ya mama, yale ya manjano, yasimwagwe: yana vitamini A nyingi. Mtoto akitimiza miezi 6, mpaka afike miaka 5, apelekwe kupata matone yake mara mbili kila mwaka. Chanjo ya surua nayo isikosekane, kwa maana chakula hakishiki nafasi ya chanjo. Mama mjamzito aipate vitamini hii katika chakula, wala asimeze vidonge vyake bila shauri la mganga, kwani ikizidi humdhuru mtoto tumboni.

Mwenyezi Mungu ametujalia mchicha na minazi. Kazi yetu ni kuvikutanisha chunguni.