Waifai Imehepa Baada ya Apudeti? Usikimbilie Fundi

Tangu Microsoft ifunge sapoti ya Windows 10 Oktoba 14, 2025, maboyz mob mtaani wamehamia Linux. Si ati ni ushabiki. Lapi nyingi za ex-UK zenye tunabuy tao ni za kitambo, na Windows 11 haitaki kuskia Intel iko chini ya jenereshen ya nane. So unaeka Ubuntu, lapi inarudi ujana, unaringa. Halafu siku moja inaitisha apudeti, unakubali, inarestart, kucheki: waifai haiko. Si netiweki mbaya, zii. Aikoni yenyewe imeenda ocha.

Hapa ndio wasee huingizwa box. Fundi anafungua, anaguna, anakushow kadi imekufa, leta thao mbili. Buda, tulia. Kadi yenye ilikuwa inashika jana usiku, na imepotea tu baada ya apudeti, mara mob iko fiti. Yenye imehepa ni draiva.

Chukua Broadcom BCM43142, iko kwa HP na Dell kibao za kitambo. Hiyo chipu hutaka draiva inaitwa wl, na lazima itengenezwe upya kila time apudeti ikibadilisha kerneli, ile roho ya Linux. Kuna kaprogramu, DKMS, hufanya hiyo job kimya kimya. Siku ikifeli, kerneli mpya inaamka bila waifai. Kuhakikisha ni bure: ukiwasha lapi finya Esc, ama Shift ka ni ya BIOS ya zamani, ingia Advanced options, chagua kerneli ya kitambo. Waifai ikirudi, umejua mwizi.

Sasa ngori: draiva iko kwa net, na net ndio huna. Toa simu, ichomeke kwa lapi na kebo, washa USB tethering. Wengi hawajui hii: simu ya Android ikiwa kwa waifai ya ploti, lapi inakula hiyo hiyo waifai kupitia kebo, bando zako haziguswi. Kebo iwe ya kubeba data lakini. Kuna zile za stage huchaji tu. Fungua tamino, andika:

sudo apt install --reinstall bcmwl-kernel-source

Secure Boot ikiwa on, utaambiwa utunge pasiwadi. Ukirestart, skrini ya bluu inatokea, inahesabu sekunde kumi. Watu hudhani ni virusi, wanaiwacha ipite. Wee! Finya kitufe chochote, chagua Enroll MOK, weka ile pasiwadi. Ukizembea hapo, draiva itakuwa ndani lakini lapi itaikataa.

Chipu ya Intel haina hizo drama, draiva yake hukuja na kerneli. Andika rfkill list. Ikisema Soft blocked: yes, piga rfkill unblock wifi.

Nyinyi wa Windows 11, ingieni Device Manager, mjaribu Roll Back Driver. Network reset iwe ya mwisho kabisa, ju inafuta pasiwadi zote za waifai, na landlord hapendi kuulizwa yake mara mbili.

Umemaliza zote na chipu haionekani hata ukiandika lspci kwa tamino? Sawa, hapo enda kwa fundi. Lakini achomoe kadi ya zamani ukiona, na uishike mkononi kabla utoe doh.